Betri za Mama Asidi

Jumatatu moja asubuhi, mwanawe akiwa amekwenda kufunga sola kwa mtu na mkwewe akiwa saluni, Mama Asidi alifungua droo ya kabati la sebuleni kutafuta sindano ya kushonea, akakuta betri zake. Zilikuwa sita, zimepangwa ndani ya pakiti ya duara, kila moja kwenye kishimo chake, ndogo kama vifungo vya shati. Zilikuwa mpya kabisa. Lakini vibandiko vya rangi vinavyokaa mgongoni mwa kila betri vilikuwa vimebanduliwa vyote, vikafinyangwa pamoja kama donge la ubani, vikasukumwa kwenye kona ya droo.

Alikaa sakafuni na miaka yake sabini na miwili, pakiti mkononi.

Mtu mwingine asingeona kitu. Betri ni betri. Lakini hizi za kifaa cha sikio si kama za tochi. Ndani yake kuna unga wa zinki, na mgongoni kuna tundu dogo la kuingizia hewa. Kibandiko kikiwa juu ya tundu, betri inalala hata miaka mitatu bila kupungua. Ukikibandua, hewa inaingia na zinki inaanza kuliwa. Hapo hakuna kurudi nyuma. Uitumie usiitumie, wiki chache tu imekwisha, hata ikiwa imekaa kwenye droo, haijamfanyia mtu kazi yoyote.

Kwa miezi miwili alikuwa akiambiwa, kwa kuandikiwa nyuma ya bahasha, kwamba dukani hakuna betri. Kumbe zilikuwa zinanunuliwa, zinaletwa nyumbani, halafu zinaachwa zife.

Na alijua ni nani. Habari ya kibandiko, katika nyumba ile, alikuwa amemwambia mtu mmoja tu.

Jina la Mama Asidi alipewa na wanafunzi wa sekondari moja ambako alitunza maabara kwa miaka thelathini na mmoja. Wageni walidhani ni kwa sababu ya machupa aliyoyapanga rafuni. Wanafunzi walijua ni kwa sababu ya ulimi wake. Hakuwa na upendeleo wala msamaha. Aliyevunja bomba la kioo alilipia, hata awe mtoto wa mwalimu mkuu. Mumewe alifariki mapema, akamwachia mtoto mmoja wa kiume. Nyumba aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, kando ya barabara ambayo wakati huo ilikuwa njia ya punda. Alipofika miaka sitini usikivu ukaanza kumtoka: kwanza ndege, kisha kengele, kisha maneno ya watu wasemao kwa sauti ya chini. Mwanawe akawa fundi wa sola, na mtaani wote wakamwita hivyo hivyo, Fundi. Akaoa msusi, mwanamke mchangamfu mwenye vidole vyepesi, akamleta kuishi pale kwa mama.

Mwanzoni mama na mkwe walipatana sana. Siku Mama Asidi aliporudi kutoka hospitali na kifaa chake cha sikio, Msusi ndiye aliyemsaidia kukivaa.

"Mama, mbona betri zimebandikwa stika?"

"Usizibandue mpaka siku ya kutumia. Hizi zinapumua."

"Betri inapumua?"

"Kaa chini nikwambie." Na Mama Asidi, aliyestaafu lakini hakuacha kufundisha, akavuta kiti. "Kila seli, yaani betri moja kama hii, ina pande mbili. Kuna upande wa kutoa na upande wa kupokea."

"Kama ndoa."

"Kama ndoa. Sasa hapa, zinki ndiyo inatoa. Inatoa vichembe vya umeme, elektroni. Vinatoka, vinapita kwenye waya wa kifaa, njiani vinafanya kazi ya kunisikilizisha, halafu vinafika upande wa pili na kupokelewa na oksijeni ya hewani. Katikati pana majimaji makali yanayounganisha pande mbili. Bila hayo hakuna kinachotembea."

"Na zinki yenyewe?"

"Inakwisha. Inageuka unga mweupe. Zipo seli nyingine zenye bahati, zinalishwa kutoka nje: gesi ya hidrojeni upande huu, hewa upande ule, zinatoa umeme na maji basi. Ukiendelea kuzilisha, zinaendelea kufanya kazi. Hii yetu haina wa kuilisha. Inakula mwili wake."

"Basi zinki ndiyo mwanamke," alisema Msusi, wakacheka mpaka Fundi akaja kuchungulia mlangoni kuna nini.

Kicheko kile kilidumu kama miaka mitatu. Kisha barabara ikawekwa lami, na mtu mmoja mwenye biashara ya vigae akaja kuulizia nyumba. Alitaka kuibomoa ajenge ghala. Fundi alimkaribisha soda. Mama Asidi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nyumba hii haiuzwi. Mtaniuza mimi kwanza." Yule mtu akacheka kwa adabu. Fundi hakucheka.

Tangu siku hiyo betri zikawa adimu. Akikaa wiki nzima bila kuleta ubishi, betri moja ilipatikana, akakabidhiwa mkononi kama mtoto anavyopewa pipi. Akitaja hati ya nyumba, betri ziliisha mji mzima. Alipotaka kwenda kununua mwenyewe, geti lilikuwa na kufuli. Fundi alimwandikia kwamba barabara ya lami ina magari ya kasi, ni kwa usalama wake. Kadi ya benki ya pensheni nayo ilikuwa kwa Fundi, kwa usalama huo huo.

Uziwi wa aina yake si kimya kama watu wanavyodhani. Kichwani kulikuwa na mvumo, kama jiko la mafuta lililosahauliwa. Ndani ya mvumo huo watu walitokea mgongoni mwake ghafla, chai iliungua mpaka auone moshi, na mezani aliwatazama wawili wale wakisema, wakacheka, wakamtazama, wakasema tena.

Jumatatu ile jioni, Msusi aliporudi, alikuta pakiti katikati ya meza.

"Umenifanyia nini?" Mama Asidi aliuliza.

Msusi aliitazama pakiti. Akachukua kalamu, akaandika: *Dukani walituuzia mbovu.* Akaichukua pakiti akaitupa kwenye ndoo ya taka.

"Nilikufundisha mwenyewe! Kwa mdomo wangu! Ulikaa kiti hiki hiki!"

Hakujua sauti yake ilikuwa kubwa kiasi gani. Msusi aliweka kidole mdomoni, shh, kama mtu anayemnyamazisha mtoto, akaenda jikoni.

Kesho yake Mama Asidi alianza kazi.

Chini ya kitanda alikuwa na mita ya umeme ambayo wanafunzi wa mwisho walimpa zawadi alipostaafu. Stoo kulikuwa na kopo la betri za redio zilizokwisha, zile za bei rahisi ambazo ganda lake ni zinki. Alizipasua kwa kisu, akakunjua maganda yale, akayasugua kwa mchanga mpaka yakang'aa. Katikati ya kila betri kuna kijiti cheusi cha kaboni, alivitoa navyo. Jikoni alichukua makaa na chumvi. Kwenye taka za mkwewe aliokota makopo mawili ya plastiki ya mafuta ya nywele, akayaosha.

Makaa aliyatwanga yakawa unga, akayafunga kwenye kitambaa pamoja na kijiti cha kaboni, mfano wa kifuko cha majani ya chai. Kifuko akakitumbukiza upande mmoja wa kopo, zinki upande wa pili, katikati maji ya chumvi. Zinki itoe, hewa iliyojificha ndani ya vitundu vya makaa ipokee. Kwa kanuni ilikuwa betri ile ile aliyonyimwa, ila hii ilikuwa kubwa, chafu, na ya kwake.

Mita ilisoma volti sifuri nukta saba, na kifaa kinataka moja nukta nne. Haitoshi. Akatwanga makaa tena, laini zaidi, akakoleza chumvi. Sifuri nukta tisa. Akatengeneza kopo la pili, akaunganisha zinki ya kwanza na kaboni ya pili ili nguvu zijumlishwe. Moja nukta nane. Akakaa akaitazama sindano ya mita, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Ingeshuka kidogo ikipewa mzigo wa kifaa, na ikishuka ingefika pale pale alipopataka.

Tatizo la mwisho lilikuwa kuuingiza umeme kwenye kifaa. Alichukua kifungo cha shati, akakivika jaribosi, ile karatasi ya bati ya kung'aa, upande huu na upande ule, zisigusane, akabana waya mwembamba kila upande, akakiingiza mahali pa betri. Akavaa.

Kwanza akasikia kitanda chake kikilia. Halafu tone, tone, tone: bomba la uani, lile alilomwambia mwanawe alitengeneze tangu mwaka juzi. Alilisikiliza kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili.

Kwa siku nne alificha. Makopo yalikaa chini ya kitanda, waya zikipanda nyuma ya godoro, na yeye akajifanya amelala. Sebule ilikuwa upande wa pili wa ukuta, na ukuta ule aliujenga kwa tofali la kusimamisha kwa sababu ya kubana matumizi. Alijua ulivyo mwembamba.

Jumapili mchana, baada ya kula, akawasikia.

"Zile mbili zilizobaki kwenye pakiti nyingine, nizibandue nazo?" Hiyo ilikuwa sauti ya Msusi.

"Bandua zote," alisema Fundi. "Alhamisi afisa wa ustawi wa jamii anakuja. Sitaki akute hata moja inayofanya kazi."

"Mimi nimechoka na kazi hii. Ananiangalia mpaka chakula kinakwama."

"Si wewe uliyeniambia habari ya kibandiko?"

"Nilikuhadithia tu! Wewe ndiye uliyesema nibandue."

Mama Asidi alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Alikuwa amejiandaa kusikia mengi, lakini kwa siku zote hizo alikuwa amejiandaa kumsikia mke akimpotosha mume.

"Na afisa akimwandikia je?" Msusi aliendelea. "Mama anasoma kuliko sisi wote."

"Tutasema macho nayo yamekwisha. Afisa ana wazee kumi kwa siku, hana nafasi ya kuandikiana barua. Atauliza, Mama hatajibu, atajaza fomu kwamba akili imepotea. Nikishapewa usimamizi wa mali, nasaini nyumba."

"Ataishi wapi?"

"Nyumba ya wazee ya serikali. Kitanda kipo, chakula kipo."

"Ni mama yako."

Fundi alipojibu, sauti yake haikuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyomchoma mama yake.

"Siku ile ya mtihani alikuwa mama wa nani? Nilikuwa na karatasi moja ya majibu mfukoni. Moja. Wenzangu watano walikuwa nazo, akawaona, akasema hana ushahidi. Mimi akanishika mkono mbele ya chumba kizima akanipeleka kwa mkuu wa shule. Mwalimu wa kemia alimwomba, akamwambia, 'Mama, ni mwanao, tufumbe macho.' Akasema yeye hajui kufumba. Wale watano leo ni mainjinia. Mimi napanda mapaa yao nawafungia sola, na wananiita Fundi, shika hapa, Fundi, shika pale."

"Hukuwahi kumwambia?"

"Kumwambia? Yeye ndiye anayeisimulia. Kila mgeni akija. 'Nilimtoa mwanangu mwenyewe kwenye mtihani.' Anaisimulia kama medali. Miaka ishirini nimeisikia hadithi hiyo nikiwa nimekaa hapo hapo na chai mkononi. Sasa na yeye anyamaze kidogo."

Mama Asidi hakulia. Alikuwa anajaribu kukumbuka nyuso za wale watano, na ni kweli, alikuwa amewaona. Alimchagua wake kwa sababu wake angeweza kumwadhibu bila mtu kusema ana chuki. Alikuwa amesahau sehemu hiyo. Katika kuisimulia, wale watano walikuwa wametoka kwenye hadithi mmoja mmoja.

Hata hivyo nyumba ilikuwa yake, na akili ilikuwa yake. Kosa la siku ile halikuwapa haki ya kuvitwaa.

Kuanzia Jumatatu hadi Jumatano alitengeneza seli za kutembea nazo. Alitafuta vikopo vidogo zaidi kwenye taka za mkwewe, akavitoboa vifuniko ili makaa yapate hewa, akaziba kando kwa nta ya mshumaa, akavitia kwenye mfuko wa kitambaa wa kuning'iniza shingoni, chini ya sweta. Waya mbili zilipita nyuma ya shingo, zikafunikwa na kitambaa cha kichwa. Alitembea chumbani akipima. Akiinama kupita kiasi, maji yalivuja. Basi hatainama.

Hakupanga kitu kingine chochote. Hakuandika barua, hakumwita jirani kupitia dirisha. Katika maisha yake yote aliamini kwamba jibu sahihi hupewa alama.

Afisa wa ustawi alifika Alhamisi saa nne asubuhi, jasho limelowesha kola, viatu vimejaa vumbi, kabrasha kwapani. Hakuwa mtu mbaya. Fundi alimketisha kwenye kochi zuri, Msusi akasimama karibu na mlango wa jikoni.

"Ndiye huyu, Afisa," alisema Fundi. "Hasikii, haoni vizuri kusoma, na kichwani, ndiyo hivyo nilivyokueleza ofisini. Wakati mwingine hanijui."

"Shikamoo, Mama," afisa alisema, kwa mazoea tu, huku akifungua kabrasha.

"Marahaba, mwanangu. Pole na jua."

Kalamu ya afisa ilisimama. Fundi alimgeukia mama yake taratibu kama mtu aliyeguswa begani ndani ya chumba alichojua kuwa kitupu.

"Si umesema hasikii?"

"Hasikii. Anabahatisha."

"Leo siku gani, Mama?"

"Alhamisi."

"Una watoto wangapi?"

"Mmoja, huyo hapo. Na nyumba hii ni yangu, hati imo kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda changu, siiuzi, na betri za kifaa changu zimeharibiwa makusudi. Andika na hilo."

Afisa aliandika kweli. Akamtazama Fundi kwa jicho jingine. "Mzee wako mbona yuko sawa? Hapa sioni fomu ya kujaza." Akaanza kukusanya karatasi zake.

Karatasi moja ikateleza, ikaanguka miguuni kwa Mama Asidi. Bila kufikiri, kwa adabu ya miaka yote, akainama kuiokota.

Maji yalitoka. Maji meusi ya makaa na chumvi yalipenya sweta, yakashuka kwenye sketi, yakadondoka sakafuni na juu ya karatasi ya serikali. Afisa aliinua miguu. Mama Asidi alijaribu kubana mfuko kwa mkono, na kitambaa cha kichwa kikasogea, zikaonekana waya mbili zikitoka shingoni zikiingia sikioni.

"Nini hiki?"

"Ni seli," alisema haraka. "Nimetengeneza mwenyewe. Usiogope. Hii ni zinki, haya makaa, hapa katikati maji ya chumvi. Zinki inatoa elektroni, zinapita kwenye waya, nakusikia wewe, halafu hewa inazipokea upande wa pili. Ni kitu rahisi kabisa, hata mtoto wa kidato cha pili..." Alikuwa ameutoa mfuko, anauonyesha kwa mikono miwili, myeusi, unavuja, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa afisa ulivyozidi kumwonea huruma.

Fundi alikuwa fundi. Aliitazama ile kazi kwa kitambo kidogo, jicho likafuata waya kutoka zinki hadi kaboni, na alielewa kila kitu. Kisha akashusha pumzi.

"Ndiyo hayo, Afisa. Nilikuwa naona aibu kusema. Alikuwa mtunza maabara. Anachanganya vitu chumbani, anajifunga nyaya. Tunaogopa siku moja atatuchoma."

"Mwongo!" alisema Mama Asidi. "Muulize mke wake. Nilimfundisha. Mwambie, mwanangu. Mwambie upande wa kutoa na upande wa kupokea."

Afisa alimgeukia Msusi. "Dada, kweli kitu hiki kinaweza kutoa umeme?"

Msusi aliyatazama makopo mfukoni. Bila shaka aliyatambua. Moja lilikuwa bado na jina la mafuta yake ya nywele. Akamtazama mumewe.

"Mimi mambo hayo siyajui," alisema. "Mimi ni msusi."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho Mama Asidi kuyasikia siku ile, kwa sababu Fundi alinyoosha mkono, kwa upole kabisa, akasema kitu kama "nipe, Mama, usijiumize," akauchukua mfuko. Waya zikachomoka. Mvumo ukarudi.

Yaliyofuata aliyaona tu. Midomo ya afisa ilikuwa inauliza. Alijua inauliza, akajua pia kwamba kila swali lisilojibiwa linaandikwa. "Rudisha mfuko," alisema. Midomo ikauliza tena. "Niandikie! Nasoma! Niandikie!" Aliona afisa akirudi nyuma kwenye kochi, akatambua kwamba anapiga kelele, akashusha sauti mpaka labda haikutoka kabisa. Akaona suluhisho moja tu. Kalamu ilikuwa mkononi mwa afisa, akaruka akaishika. Alitaka kuandika. Alitaka kuandika tarehe ya siku ile, jina lake lote, na ikibidi mlingano wa kemia wa zinki na oksijeni, wenye mizani sahihi pande zote mbili. Afisa aliona mwanamke mwenye mikono myeusi akimrukia na kukamata kitu chenye ncha. Fundi alimshika mama yake kwa nyuma, viwiko vyote viwili. Kalamu ilianguka. Msusi ndiye aliyeiokota, akaifuta, akamrudishia mwenyewe.

Nakala ya ripoti aliisoma miezi miwili baadaye, ofisini kwa matroni wa nyumba ya wazee. Ilikuwa na sentensi nne. Ya tatu ilisema: *Hujibu maswali mepesi kwa kubahatisha, lakini huamini kuwa anasikia kwa nguvu za makaa.* Ya nne ilisema alimshambulia afisa. Matroni, mwanamke mnene asiye na haraka, alimtazama akisoma.

"Ni uongo?" alimwuliza.

Mama Asidi alifikiri. "Kila kilichoandikwa hapa alikiona," alisema. "Ningekuwa yeye, ningeandika hivyo hivyo."

Pale nyumba ya wazee betri zilikuwepo. Hospitali ilileta katoni kila mwezi, muuguzi akampa moja kila wiki bila kumwuliza kitu, na akasikia kila kilichokuwepo: kikohozi cha vitanda ishirini, masufuria, mzee wa kitanda cha dirishani aliyeita mbwa aliyekufa zamani. Nyumba yake ilikuwa imeshabomolewa. Alipata habari kwa dereva wa gari la mboga, aliyesema pale sasa pana ghala zuri sana, la vigae.

Fundi alikuja mwezi wa tano tangu mama yake apelekwe pale, peke yake, na katoni ya nguo za mama yake. Walikaa kwenye benchi la ukumbini. Alikuwa amenenepa kidogo, na shati lilikuwa na jina la duka lake jipya.

"Unanisikia, Mama?"

"Nakusikia."

"Wanakutunza?"

"Kitanda kipo. Chakula kipo."

Aliinamisha kichwa, labda aliyatambua maneno, labda hakuyatambua. Alieleza kuhusu duka. Alieleza kwamba mkewe anamsalimu, ila saluni ina kazi nyingi. Mama Asidi alimwacha amalize.

"Wale watano niliwaona," alisema. "Siku ya mtihani. Niliwaona na nikawaacha. Ulisema kweli."

Fundi hakuuliza amesikia wapi. "Ungesema hivyo miaka ishirini iliyopita," alisema.

"Nisingeweza. Nilikuwa nimesahau. Sasa na mimi nikuulize moja. Siku ile sebuleni, ulipoushika ule mfuko. Uliamini kwamba nimepotewa na akili?"

Muuguzi alipita akisukuma kitoroli cha dawa, gurudumu moja likilia. Fundi alisubiri apite.

"Hapana, Mama," alisema. "Ile seli yako ilikuwa imefungwa vizuri. Mimi mwenyewe nisingefunga vile."

Mama Asidi aliitikia kwa kichwa. Alijisikia vibaya kugundua kwamba amefurahi, kwamba katika vitanda ishirini na ofisi zote za serikali, mtu pekee aliyejua hakika kwamba yeye ni mzima alikuwa huyu, na kwamba alitamani aendelee kukaa. Lakini Fundi alikuwa ameshatazama saa. Aliaga, akaacha katoni miguuni pake, akatoka kwa mlango wa pembeni kwa sababu gari lilikuwa juani.